Upande ya Kushoto ya Rova

Kila mutu mwenye anakalia banc yangu anataka nimwelezee habari ya shasi. Wajukuu banauliza, motard ba pikipiki banauliza, ata padri aliniuliza kisha misa, mbele ya batu. Mi niko mukaka, mwanamuke muzee wa kuuzisha kawa. Masomo niliachia mu troisième primaire, juu mbuzi za baba zilikosa mutu wa kuzichunga. Kama munatafuta maneno ya kupangwa muzuri, muende ku radio. Lakini Abdias, mwenye makosa yote, ameanza kuzunguka mu quartier akisema eti ni yeye aliniokolea gari. Basi nitaieleza mara moja, na mwenye hapana sikia, ni masikio yake.

Banc yangu iko ku kona, pale mutu wa Vuhovi anaingilia mu Butembo. Ni bao moja murefu juu ya mawe, na pembeni moto yangu na termosi ya kawa ya tangawisi. Ngambo ya barabara ni atelier ya Abdias, soudeur, fundi wa kuunga vyuma. Pale ndani ndiyo gari yangu ya Rova ilikuwa, imevuliwa yote, body kando, moteur kando, imebaki shasi peke yake juu ya vipande ya miti, kama ngombe yenye bachinjaji bamemaliza nayo. Ku banc kulikuwa batu batatu benye hawakosekanake. Nzanzu, motard wa zamani, tunamwita Procureur, juu anahukumu kila mutu na hakuna mwenye alimuomba. Lévi anaendeshaka camion ya kwenda Beni, tunamwita Sans Frein, bila breki, na haiko juu ya camion, ni juu ya mudomo. Wa tatu ni Urbain, mwalimu wa serkali mwenye balituma hapa toka Kasaï. Huyo tunamwita Prof, na anafurahi.

Rova ni ya marehemu bwana yangu. Imepita batoto yangu yote kwa umuri. Siku ya soko inabebaka bamama wa Vuhovi na maharagi yabo, mihogo yabo, ndizi yabo. Kama kuko mugonjwa, inamubeba. Kama kuko maiti, inamubeba vilevile, haichaguake. Halafu siku moja ku mupando, mulango ya kushoto ikaanza kujifungua yenyewe. Tunaifunga, inafunguka. Mama Syauswa alianguka na kitunga yake, akavunjika mukono. Bamama bakasimama ku njia, bakaniambia: Kyakimwa, hatupande tena mupaka utuonyeshe mifupa ya hii gari. Na bila gari, maharagi yabo inaozea ku Vuhovi. Kubeba ku mugongo mupaka huku, na njia yenyewe haiko salama, nani ataweza?

Mutoto wangu Éphraïm alikuwa na jibu yake.

— Mama, tuiuzishe kwa kilo, kwa bale banapelekaka vyuma vya kuzeeka Uganda.

— Na baba yako, nikamwambia, yeye pia tungemuuzisha kwa kilo?

Lakini alisema mbele ya ndugu zake: kama shasi haitengenezeke, Rova inaenda. Na mimi nikasema itatengenezeka, na haitakuwa kutengenezwa ya kudanganya macho. Tunakwaruza kutu mupaka chuma inaonekana. Yenye imeoza inakatwa. Mupya inakuwa nene kupita ile ya usine, kule balitengenezea gari. Na ndani ya chuma, pale jicho haifikake, rangi ipakwe vilevile.

Banc yote ikacheka.

— Mukaka, Procureur akasema, njia ya Beni banachoma magari, ya Vuhovi itafuata. Unaiwekea mifupa ya arusi juu ya nini? Kesho benye silaha ba mu pori banaichoma.

— Kama banaichoma, bachome kitu muzuri. Mi siwezi kubatayarishia kitu mubaya.

— Mais ata usine haikufanya hivyo, Prof akasema.

— Usine haijuake njia ya Vuhovi.

— Weka mafuta ya moteur ya zamani, pakaza, maliza, Sans Frein akasema. Camion yangu njo inaishi vile.

— Camion yako inaishi juu ya maombi ya bibi yako. Kunywa kawa.

Basi asubuhi moja, mvua ilinyesha usiku mupaka jogoo ikawika, nikavuka barabara na nyundo. Abdias alikuwa amemaliza kukwaruza. Mujue vile shasi iko: ni vyuma mbili virefu, moja kushoto, moja kuume, ndani ni wazi kama mwanzi. Soudeur banaita longeron. Juu yao ndiyo gari yote inakalia. Nikapiga ya kuume. Ikalia muzuri, sauti ikaenda mupaka mwisho ikarudi. Nikapiga ya kushoto. Ikasema pu. Nikapiga mbele, nikapiga nyuma. Pu, pu. Kama mutu mwenye kupiga ukuta.

— Abdias, hii inasema nini?

— Haisemi kitu, Mukaka. Upande ile niliifanyaka mimi mwenyewe, marehemu akiwa hai. Iko nguvu. Ile hatuigusi.

— Na mulango yenye ilikuwa inajifungua, ilikuwa ya upande gani?

— Mulango ni mambo ya mulango.

Nikarudi ku banc, nikabaambia. Ningenyamaza ilikuwa bora, juu hapo ndiyo wazimu ilianzia.

— Ni baridi, Sans Frein akasema. Upande ya kushoto inaangalia kilima, jua haijaifikia. Chuma yenye baridi hailiake.

— Na usiku ya kuume ililala mu blanketi? nikauliza.

— Mukaka, muache nieleze, Prof akasema, akaweka kikombe chini kama anaweka chaki. Techniquement, équateur, ile ikweta, inapita hapa karibu na Butembo. Donc inawezekana longeron moja iko upande ya kaskazini, ingine upande ya kusini. Chuma inavutwa huku, inavutwa kule. Ya kushoto imechanganyikiwa.

— Na mimi nikikaa ku banc, tako moja iko kaskazini, ingine kusini?

— Techniquement, ndiyo.

— Njo maana yako haitulie.

Procureur hakucheka. Alikuwa anatafuta yake.

— Muniache niseme kweli. Marehemu alikuwa mutu munene, Mungu amurehemu. Alikaa upande ya kushoto miaka yote, ndiko volant, ile usukani, iko. Chuma ilimuzoea. Sasa hayuko. Ile sauti haiko mbaya, ni kilio. Chuma inalia matanga.

— Matanga ya bwana yangu tulimaliza, nikasema. Mimi nilimaliza, na nililala naye. Longeron nayo ni nani?

— Basi ni coltan, Sans Frein akasema. Vyuma vya zamani bazungu balichanganyaka na vitu. Coltan inameza sauti. Ata telefone iko na coltan ndani, na ukiitupa chini haisemi ngaa.

— Kama ni coltan, Procureur akasema, hao ba Uganda banajua, njo maana banataka kununua kwa kilo.

— Coltan wapi, Sans Frein akaendelea, na sasa alisimama. Ni dahabu. Marehemu alifika Kamango, kule ku mupaka ya Uganda, mara mingi, alikuwa anarudia na nini? Aliifichia mu longeron. Dahabu ni nzito, hailiake.

Hapo vikombe vyote vikawekwa chini. Banaangalia Rova yangu vile banaangaliaka sahani ya nyama yenye inapita kwa jirani. Na Abdias, mwenye alikuwa amebaki ku atelier yake, akavuka barabara mbio, na masque yake ya soudeur juu ya kichwa.

— Inawezekana ni dahabu, akasema. Njo maana nilisema tusiiguse, si mbele ya batu. Mukaka, tuifunge vile iko, tuweke body, twende. Siku ingine, polepole, wewe na mimi tu.

Nikamwangalia. Abdias hapana mutu wa kuficha dahabu ya mutu mwingine. Kama angeiwaza kuwa mule, angekuwa ameisha kuhamia Kampala.

Ile wakati, bibi moja ya askari alikuwa amefika, Audrey, mutu wa Mbandaka. Alikuwa anangoja gari ya kumupeleka ku Beni, kwa bwana yake ku kambi. Swahili yake ilikuwa ya kuokota njiani. Alikuwa amezunguka shasi yote na sac yake ku mukono, anatafuta pahali ya kavu ya kuiweka. Akarudi kwetu.

— Mukaka, mbote. Mi nauliza. Chuma ya kuume, chini iko na matundu, maji ya mvua inatoka, to-to-to. Nilitaka kuweka sac, nikaona matope. Ya kushoto, chini ni kavu. Hakuna tundu. Maji yake inatokea wapi?

Prof aliangalia mu kikombe. Sans Frein alikaa chini.

— We mama, Abdias akasema, uko mugeni hapa.

— Eh, mugeni. Na maji nayo ni mugeni?

Nikasimama na nyundo yangu.

— Abdias, kata.

— Groupe ya umeme haina essence, Mukaka.

Procureur hapana mutu wa kutoa kitu. Lakini siku ile alifungua reservoir ya pikipiki yake mwenyewe, akanyonya na tuyo ya mpira, akatema, akajaza groupe. Nafikiri alikuwa angali anawaza dahabu. Abdias akawasha mashine, akakata kipande kama ukubwa ya kitabu ya misa.

Chuma ikaanguka. Ndani ikatoka unga ya kijivu, kisha jiwe. Sima. Longeron yote ilijazwa sima, saruji ya kujengea nyumba. Na pale mwisho, kwa kuziba isitiririke, kulikuwa nusu ya kambambili ya plastiki, ya kijani. Mvua ya miaka yote iliingilia juu, ikakosa njia, ikalala mule na sima, na chuma ya kuzunguka ikaoza toka ndani. Nikaishika na vidole tu. Ikabanduka kama ganda ya kitunguu. Njo maana ku mupando gari ilikuwa inajipinda, na mulango inajifungua. Kwa inje ilikuwa na rangi nyeusi, inangaa, safi.

Mujue kitu moja juu ya Abdias. Mbele ya kuwa soudeur, alikuwa mason. Nusu ya nyumba za quartier hii ni mikono yake, na zinasimama, siwezi kusema uongo.

— Mukaka, unisikilize, akasema. Nyumba ya Butembo inasimama juu ya nini? Béton. Pont ya mto inasimama juu ya nini? Béton. Longeron ilikuwa imetoboka, nikaijaza, nikaifunika. Juu ya nini gari peke yake isisimame na béton?

— Juu nyumba haiendake Vuhovi, nikamwambia.

— Marehemu alikuwa ananiharakisha.

— Marehemu hayuko hapa. Usimulazimishe kusema.

— Na mukono ya Syauswa? Audrey akauliza, juu ya hiyo mukono Prof alikuwa ameisha kumweleza.

Abdias akatoa masque ku kichwa.

Procureur sasa alikuwa amepona. Dahabu ilikuwa imekufa, lakini aliona nyama. Kwetu, mutu akikosea wenzake, analeta mbuzi. Inachinjwa, batu banakula pamoja, maneno inakwisha, na mwenye ataifufua njo anakuwa na makosa. Ni desturi, na ni muzuri, siitukane.

— Abdias alete mbuzi, Procureur akasema. Dume. Leo. Sans Frein ataleta chumvi, Mukaka atapika.

— Mi naleta mbuzi, Abdias akasema mbio sana. Naleta ata ya mafuta.

— Sikule, nikasema.

— Mukaka, desturi...

— Desturi ni ya batu benye banataka maneno iishe. Mi nataka bamama bafike ku soko. Mukikula hiyo mbuzi, kesho Abdias ataniambia tumemaliza, na nitabaki na shasi ya unga. Hakuna mutu anakula hapa.

— Ata Syauswa? Mbuzi ni yake vilevile, Prof akasema, na hapo alisema neno ya akili, siku moja mu mwaka.

— Syauswa nitamuuliza. Lakini namujua. Mukono imeisha kuunga, soko ndiyo anakosa.

Halafu nikahukumu mimi, na Procureur hakunisamehe mupaka leo. Nikasema: Abdias utatoa hiyo sima yote kwa nyundo na burin, ile patasi ya chuma, hapa, mchana, batu banaona. Utaweka longeron mupya. Na siku ya safari ya kwanza, mutu mwenye atakaa juu ya upande ya kushoto, karibu na mulango, atakuwa mama yako.

Mama yake ni Orpa. Tulichezaka naye tukiwa badogo, sasa anauzishaka maharagi kama mwingine yeyote. Bakaenda kumuita. Akaja na kitambaa yake ku kichwa, akaangalia lile jiwe, akaangalia nusu ya kambambili.

— Hii ni yangu, akasema. Nilitafutaka ingine mwaka muzima.

— Orpa, utapanda?

— Nitapanda. Kama mutoto wangu amefanya muzuri, nitafika. Kama amefanya mubaya, batu batajua nani alimuzaa.

— Mama, Abdias akasema.

— Mama nini? Nyundo iko pale.

Akapiga ile sima mupaka mikono ikatoka malengelenge. Banc yangu haijajaaka batu vile. Kisha akaweka chuma mupya, akasude, akapaka rangi, akatoboa matundu chini. Ilikuwa muzuri kuangalia. Prof akasema ni travail ya bazungu. Sans Frein akasema ata camion yake ataileta. Procureur akasema dossier imefungwa.

— Muzuri, nikasema. Basi kesho Orpa atapanda.

Nikamuletea Abdias kawa. Akaishika, hakunywa. Alikaa kuangalia ile kazi yake, akaangalia ngambo, pale mama yake alikuwa anachagua maharagi juu ya kitunga, anatupa mabaya. Kawa ikapoa. Akasimama, akaimwaga.

— Mukaka, unipe siku.

— Siku ya nini? Banc yote inasema imekwisha.

— Hii tôle, hii bati, ni ya pipa ya mafuta. Ni nyembamba.

— Ulikuwa unajua?

Akawasha mashine, akakata kazi yake mwenyewe, mupya vile, rangi haijakauka. Mi sikujua kama tôle ilikuwa ya pipa. Ningepanda na miye.

Sasa chuma nene ya kweli, mu quartier yetu, kila mutu alijua iko wapi. Ilikuwa portail ya Abdias, ile geti ya kuingilia kwake. Mwaka ile benye silaha balikuwa banaingia ku parcelle za batu, yeye alinunua ubavu ya camion yenye ilianguka ku bonde, akaitengeneza portail. Ya bluu, na simba mbili za chuma zinaangaliana. Ilikuwa nzito, bibi yake aliifungua na bega. Mutu akitafuta njia mu quartier, tulikuwa tunasema: ukifika ku portail ya simba, ingia kuume. Abdias alikuwa anaipanguza siku ya Mungu mbele ya misa.

Aliitoa ku bawaba, yeye mwenyewe. Bibi yake alisimama mu lupango ya nyumba, akatusi mimi, akatusi Rova, akatusi na Vuhovi yote. Alikuwa na haki ya kutusi. Abdias alibeba vipande na kigari ya miti, akakata, simba na yote. Pale ressort, ile springi, inakalia akaweka chuma mara mbili, usine iliweka mara moja. Matundu akaacha chini. Ndani akapaka rangi na kitambaa yenye kufungwa ku waya murefu, anavuta, anarudisha, kama mutu anayesafisha bunduki. Kisha akamwaga maji ku mwisho moja. Ikatoka chini yote, ikamaliza. Nikapiga na nyundo, kushoto. Ikalia mupaka kuku za jirani zikatoroka.

— Équateur imehama, nikamwambia Prof.

— Techniquement, akasema, inaweza.

Tukarudisha moteur na body, na siku ya soko tulienda Vuhovi. Orpa alikaa kushoto, karibu na mulango, kitunga ku magoti. Syauswa alikaa kuume, alisema kwanza aone. Ku mupando ule, Abdias, mwenye alikuja nyuma ku pikipiki ya Procureur, alikuwa anaangalia mulango tu. Haikujifungua. Tulirudi tumejaza, maharagi mupaka juu ya toit, na bamama banaimba nyimbo za kanisa vibaya. Éphraïm alikuwa ku kona, anatungoja. Aliangalia chini ya gari, akaangalia mimi, hakusema tena kilo.

Basi Abdias alilipa ile. Haikuwa mbuzi. Parcelle yake inafungwa na bâche, ile turubai, na kamba, na mutu akitafuta njia mu quartier, inabidi tumusindikize. Juzi alikuja ku banc, akanywa kawa, akaniuliza kama hakuna kipande ya portail ilibaki, ata simba moja.

— Iko, nikamwambia. Kila siku ya soko mama yako anaikalia.